Baiskeli Yenye Kikapu

Siku niliyoshinda mbio za baiskeli za wanawake pale Shinyanga, nilizawadiwa baiskeli. Naomba msomaji alitafakari hilo polepole, maana mimi nimelitafakari mpaka kichwa kimeuma. Watu wazima, wenye vyeo na tai shingoni, walikaa kikao, wakanywa soda, wakajiuliza mwanamke atakayefika wa kwanza akiwa juu ya baiskeli atakuwa amepungukiwa na kitu gani maishani, wakakubaliana kwamba atakuwa amepungukiwa na baiskeli. Na basi ingekuwa ya mbio. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina kikapu mbele, keria nyuma, na kengele yenye mlio wa kifaranga.

Mgeni rasmi alinikabidhi huku akitazama kamera. Kisha akahutubia. Alisema "tumeshinda," na akalirudia neno hilo mara nyingi hivi kwamba nikaanza kumtafuta kwenye kumbukumbu zangu za barabarani, labda tulipishana mahali. Nilikumbuka upepo wa usoni tulipogeuza kurudi mjini. Nilikumbuka mwanamke mmoja aliyeling'ang'ania gurudumu langu la nyuma hadi nikawa nasikia anavyohema. Huyu bwana na tumbo lake sikumkumbuka popote. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo lilikuwa limepewa kipaza sauti.

Ushindi huo niliutafuta kwa miaka. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Nyahanga, hapa Kahama, na kazi yangu kubwa ni sare za shule na magauni ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, nilikuwa natoka na baiskeli yangu kuukuu ya mbio kuelekea Buzwagi na kurudi. Majirani waliniona kichaa. Wengine walisema nimekosa mume ndiyo maana naipanda baiskeli. Vijana wa bodaboda walinipita wakipiga honi na kunishauri nikapike. Niliporudi na medali, hao hao walisimama mlangoni kwangu wakasema, "Tulijua tu." Walijua nini? Wangejua, wangeninunulia hata tairi moja.

Mtu pekee ambaye hakusema alijua ni mama yangu. Alihamia kwangu baada ya baba kufariki, na jioni ile nilipoingia na medali alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua choroko. Aliipokea, akaipima uzito mkononi.

"Mlianzia wapi?"

"Uwanjani, mama."

"Mkaishia wapi?"

"Uwanjani."

"Palepale?"

"Palepale."

"Gete?" akauliza, yaani kweli kabisa? Nikamwambia ni kweli. Akanirudishia medali na kuendelea na choroko zake. "Umezunguka siku nzima, umerudi palepale," alisema. "Haya. Chakula kiko jikoni."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikula ule ugali kwa hasira. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baada ya wiki chache sikuweza kumjibu hata kimoyomoyo. Niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa, nikaitoa baiskeli yangu ya mbio hadi mlangoni, nikasimama. Nilikuwa sina pa kwenda. Njia ya Buzwagi nilikuwa naipita kwa ajili ya Shinyanga, na Shinyanga nilikuwa nimeshafika. Nikairudisha ndani, nikalala. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, mpaka nikaacha hata kuitoa. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mimi nilikuwa nimekaa juu kule na miiba yangu, na chini watu wanapiga makofi.

Na makofi hayo yalikuwa na kazi. Niliitwa kukata utepe wa saluni. Niliitwa kwenye harusi ya watu nisiowajua, mshereheshaji akanitaja katikati ya keki na kamati ya vinywaji, nikasimama, nikapunga mkono, nikakaa. Niliitwa shuleni kutoa hamasa. Mwalimu mkuu akaniambia niwaeleze watoto kwamba wakiamua wanaweza kuwa chochote, ilhali watoto wenyewe walikuwa wamekaa chini kwa sababu madawati hayakuwatosha. Nikaeleza. Nilijisikia nikieleza, sauti yangu ikawa kama ya yule mgeni rasmi, na nikamdharau yule mwanamke mwenye medali shingoni kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote. Lakini nilipoitwa tena nilikwenda. Mtu asiye na pa kwenda huenda popote anapoitwa.

Basi ndipo alipokuja mwenye duara.

Duara, kwa asiyeishi huku, ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mwenye duara ni mtu anayewalisha wanaoingia shimoni huku akiisubiri bahati yake juu. Huyu duara lake lilikuwa upande wa Geita. Alifika na gari lililojaa vumbi jekundu, amevaa miwani ya jua na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akasifia mashine yangu, akasifia pazia, akasifia hata ndoo ya maji. Nikajua kuna jambo.

"Dada yangu," akasema, "mwamba tumeupiga, tumeupiga, mali haionekani. Ni mawe matupu. Mtaalamu wetu ametuambia tutafute mtu mwenye ushindi mpya. Nyota yako, dada, inawaka. Tunaomba uje ukae pale mdomoni mwa duara asubuhi moja tu, vijana wakiwa wanashuka."

Nilimtazama. Miguu yangu ilikuwa imechubuka kwa miaka, magoti yanalia baridi ikiingia, kucha mbili za vidole vya mguu zilishang'oka na kuota upya, na huyu bwana alikuwa amesafiri kutoka Geita kuja kuniambia kwamba nilishinda kwa nyota. Kwa mawazo yake ningeweza kulala tu mpaka saa nne, nyota ikanisukuma hadi uwanjani.

"Kaka," nikamwambia, "nyota yangu iko mapajani. Na mapaja sikodishi."

Hakuona haya hata kidogo. Alicheka, akafuta miwani, akageukia kona ya kibanda ambako baiskeli ya zawadi ilikuwa imeegeshwa na nailoni zake bado hazijatolewa. Nilikuwa naitundikia magauni yaliyokamilika. "Basi hata hiyo," akasema. "Si ndiyo ya ushindi wenyewe? Niazime. Nikaiweke pale duarani, mali ikionekana nakurudishia."

Hapo nikacheka mimi. Baiskeli ambayo haijawahi kukanyagwa, haijawahi kumpita hata mbuzi, inakwenda kuvuta dhahabu! Asiyejua maana haambiwi maana. Nikaona inafaa kabisa: zawadi ya kipumbavu iende kwa kazi ya kipumbavu. Nikaanza kuondoa magauni.

"Chukua," nikasema. "Na kengele yake uipige vizuri, mwamba usikie."

"Hiyo haiendi shimoni."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la choroko. Mwenye duara akainuka haraka, akavua miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo haiendi shimoni. Naitaka mimi."

"Ya nini, mama?" nikauliza.

"Ya kwenda," akasema, na akaweka bakuli lake ndani ya kile kikapu, kama mtu anayeweka mtandio kwenye kiti cha kanisani ili wengine wasikikalie.

Kwenda alikotaka nilikujua. Dada yake, mama yangu mkubwa, anaishi kijijini, huko ndani ukishapita Buzwagi. Miguu yake imekufa ganzi, hawezi kusafiri. Kwenye simu hasikii. Wanapigiana kelele kidogo, kila mmoja anajibu swali ambalo hakuulizwa, kisha salio linaisha. Tangu baba afariki mama hajakwenda kumwona, na hata baba alipokuwa hai alikwenda pale baba alipotaka kwenda. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi apande bodaboda. Alinijibu kila mara kwamba yeye ni mjane na bibi wa watu, hawezi kufungua miguu nyuma ya kijana na kumshika kiuno barabarani mchana kweupe. Akikaa ubavu, dereva anagoma, anasema ataanguka. Hivyo akabaki kwangu, akihofia jambo moja ambalo alilisema waziwazi bila kuzunguka: kwamba mmoja wao atakufa kabla hawajaonana, na yeye atapelekwa msibani amepakiwa kama gunia.

Mwenye duara aliondoka mikono mitupu. Nilisikia baadaye alipata nyota kwa mchekeshaji fulani wa mjini. Dhahabu, sijasikia.

Nilidhani nitamfundisha mama kwa siku mbili tatu. Mimi ni bingwa. Nikampeleka kwenye uwanja wa shule asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, nikashika siti kwa nyuma nikamwambia kanyaga. Ndipo nilipogundua kwamba mimi najua kuendesha baiskeli lakini sijui chochote kuhusu kuendesha baiskeli. Aliuliza, "Nifanyeje nisianguke?" Nilisema kaza tumbo. Nilisema legeza mabega. Nilisema usiwaze. Mama akasimama, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Na wewe ndiye waliyekupa medali?"

Lakini tatizo kubwa halikuwa mafundisho yangu. Mama alikuwa akienda kushoto. Kila nilipomwachia, hatua chache tu, baiskeli inakata kushoto, inaingia kwenye ua wa minyaa wa nyumba ya mwalimu. Nikakagua usukani, umenyooka. Nikakagua tairi. Nikamwambia atazame mbele, akasema anatazama mbele. Alikuwa hatazami mbele. Nilikimbia pembeni yake siku moja nikamwona: mikono imeshika usukani vizuri, miguu inakanyaga, na kichwa kimegeukia kushoto, kinaangalia mashamba.

Huku kwetu mwanamke akipakiwa baiskeli hakai kama mwanamume. Anakaa ubavu kwenye keria, miguu yote miwili upande wa kushoto, mkono mmoja umeshika siti ya mume. Mama alikaa hivyo nyuma ya baba tangu alipoolewa mpaka baba alipozikwa. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa shati, hakuna cha kuona, basi alitazama kushoto. Nikamwambia, kwa ule ujuaji wangu, kwamba wakati wa kurudi bila shaka alikuwa anaona upande wa pili.

"Wakati wa kurudi nilikuwa nimepakata mzigo," akasema. "Ulikuwa unanifika machoni."

Baiskeli hufuata macho, hilo kila mwendeshaji analijua. Nilimchukia baba kidogo asubuhi ile, Mungu amrehemu, na nikawachukia wanaume wote wa barabara ile na migongo yao.

Watu nao hawakutuacha. Ua wa uwanja wa shule una matundu, na kila tundu lilikuwa na jicho. Wanawake waliokwenda sokoni walisimama na beseni zao kichwani wakacheka hadi beseni zikayumba. Mmoja akasema bingwa ameishiwa, sasa anakimbiza bibi. Mwenye saluni, yuleyule niliyemkatia utepe, alipiga picha na kuzisambaza kwenye kundi la mtaa, akaweka vikatuni vya kucheka machozi. Mimi nilizoea kudharauliwa barabarani nikiwa peke yangu. Kumwona mama akidharauliwa na watu ambao hawawezi kupanda hata ngazi bila kushika kiuno kulinitia hasira nyingine kabisa, hasira yenye faida. Niliamka alfajiri kila siku. Sikuhitaji saa.

Mama ndiye aliyepata dawa, na wala hakuitafuta. Siku moja alikuja uwanjani na chupa ya chai na mayai kadhaa aliyonunua njiani. Akakataa kuyaacha pembeni. "Hawa wanaochungulia watayala," akasema, akayafunga kwenye khanga na kuyaweka kwenye kikapu, mbele yake. Akapanda. Nikamsukuma kidogo, nikamwachia, nikajiandaa kwa minyaa.

Akaenda moja kwa moja.

Alikuwa anayalinda mayai. Mwanamke wa kwetu haondoi macho kwenye mzigo wake, na mzigo kwa mara ya kwanza ulikuwa mbele na mdogo. Akavuka uwanja mzima, akafika golini, akagundua kwamba hajui kugeuka, akaingia wavuni. Yai moja tu lilipasuka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja nimeshika mdomo, napiga kelele ambazo Shinyanga sikuzipiga.

Kile kikapu nilichokibeza tangu siku ya kwanza! Wale wenye tai shingoni hawakujua wanafanya nini, na bado siwapi shukrani.

Ilituchukua msimu mzima wa kiangazi. Kugeuka, breki, mashimo, kengele. Alitukana malori. Aliwatukana mbuzi. Alinitukana mimi kwa Kisukuma, lugha ambayo ina nafasi kubwa zaidi kwa kazi hiyo. Wale wenye beseni walipunguza kucheka, na mmoja, yule aliyesema bingwa ameishiwa, alinijia kibandani akajifanya amekuja kupunguza gauni. Akashikashika kitambaa, akauliza kama mtu wa umri wake anaweza kujifunza. Nikamwambia aje na mayai yake mwenyewe.

Asubuhi tuliyoondoka mama alivaa gauni la kanisani na suruali ya kitenge chini yake, niliyomshonea baada ya mabishano marefu. Kikapuni aliweka kibuyu cha maziwa mgando, choroko zilizochambuliwa na sabuni. Nilichukua baiskeli yangu ya mbio. Nilitaka kutangulia nimwonyeshe njia.

"Kaa nyuma," akasema. "Migongo nimeshaona ya kutosha."

Nikakaa nyuma. Nilikwenda mwendo ambao magoti yangu hayajawahi kuuona, mwendo wa kuchosha kuliko mbio, kwa sababu lazima ujizuie kila mara. Tulipita njia yangu ya Buzwagi. Bodaboda walitupita wakipiga honi, na mama akawajibu kwa ile kengele ya kifaranga. Baada ya lami tuliingia kwenye vumbi. Pale alishuka akasukuma, akapanda tena, akashuka. Alipumzika kila alipotaka. Mara moja alisimama bila sababu, akatazama kulia, mabonde ya mpunga na vilima vya mawe upande ule, akatazama kwa muda.

"Kumbe huku kuna mawe," akasema. Tukaendelea.

Mama mkubwa alikuwa ameketi nje kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha. Aliona watu wawili wenye baiskeli, akaweka mkono juu ya macho. Mama alishuka, akaiegesha ukutani bila kuharakisha, akamwendea, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada."

Mama mkubwa alishika uso wake kwa mikono miwili. Walilia wote wawili, kwa sauti, mimi nikajifanya nakagua cheni. Kisha yule mzee akaanza kutazama huku na huku, nyuma yetu, barabarani, akamtafuta mtu.

"Nani kakupakia?" akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia.

Mama akatikisa kichwa.

"Nani kakupakia?"

Mama akainua mkono akaionyesha ile baiskeli ya waridi, kisha akajionyesha kifua chake mwenyewe. Mama mkubwa aliiangalia ile baiskeli, akamwangalia mdogo wake, akarudi kwenye baiskeli. Hakusema hongera. Hakupiga vigelegele. Macho yake yalikuwa yametua nyuma ya siti, kwenye keria.

"Basi nipakie na mimi," akasema. "Sijatoka kwenye ua huu tangu miguu hii ife. Nifikishe hata pale dukani."

Niliruka kutoka kwenye cheni. Nikasema haiwezekani. Nikasema kupakia mtu ni elimu nyingine, kwamba uzito wa nyuma unayumba, kwamba mama hajui bado hata kukwepa shimo vizuri, kwamba watakufa wote wawili mbele ya duka na mimi ndiye nitakayewaeleza wajomba. Nilisema yote hayo kwa ubingwa wangu wote. Waliniacha nimalize, wameshikana mikono, wananitazama kama vile mimi nilivyomtazama mgeni rasmi.

"Umemaliza, mayu?" mama akauliza, akiniita "mama" kwa Kisukuma.

"Nimemaliza."

"Kesho asubuhi unanifundisha kupakia. Utakaa wewe nyuma kwanza. Tukianguka, wewe ndiye mwenye mifupa mipya."

Nikatafuta spana kwenye mkoba wangu, nikaenda kukaza nati za keria.